Salamu Nyingi Sana: Barua za Askari wa Vita Kutoka Mpaka wa Tunduma na Songwe

Utangulizi

Mwulize mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza akutajie tanzu za fasihi andishi. Atakujibu bila kusita: riwaya, tamthilia, ushairi, hadithi fupi. Ukimbana kidogo ataongeza insha na tawasifu. Barua haitaji. Barua anaijua kama kitu cha mtihani: anwani juu upande wa kulia, tarehe, mwanzo, kiini, mwisho, sahihi, basi. Tena wengi wetu tulionywa na walimu wetu tusijaze salamu, kwa sababu eti salamu hazina maksi. Maksi ziko kwenye kiini.

Makala haya yanakusudia kuupinga msimamo huo kwa kutumia mfano mmoja, nao ni barua ambazo askari wetu walizipeleka nyumbani wakati wa vita, hasa Vita Kuu ya Pili ya Dunia (1939–1945). Nitazitazama kutoka upande wa waliozipokea, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Mbozi, wapokeaji ninaowafahamu ni wa huko: Wanyiha wa Mbozi, Wanyamwanga wa Tunduma na Momba, Wandali wa Ileje. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya, na tangu 2016 ndilo Mkoa wa Songwe. Hoja yangu ni kwamba katika barua hizo salamu ndizo kiini. Mhakiki anayezipita mbiombio ili afike kwenye "habari" anakuwa ameipita habari yenyewe.

Kabla sijaendelea, hebu tukumbushane jambo moja. Si kwamba barua ni ngeni darasani. Tunaisoma riwaya ya Mariama Bâ wa Senegal, Barua Ndefu Kama Hii, na tunaisifu kwa mbinu yake ya kutumia barua. Mwaka 2002 zilichapishwa Barua za Shaaban Robert, alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, na wahakiki wakazipokea kwa furaha. Basi barua inakubalika kuwa fasihi ikiwa ni ya kubuni, au ikiwa mwandishi wake ana jina kubwa. Je, ile ya koplo wa Keya asiye na jina vitabuni? Hapo tunanyamaza.

Mpaka na vita vyake

Ili kuzielewa barua hizi, lazima kwanza tuelewe mahali zilikokuwa zinakwenda. Tunduma ni mji wa mpakani, na mpaka huo ni kazi ya kalamu. Kwa mapatano ya tarehe 1 Julai 1890, Waingereza na Wajerumani waligawana nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mto Songwe ukawa mpaka kwa upande wa Nyasa, na kutoka hapo mstari ukaelekea Ziwa Tanganyika ukiwakata Wanyamwanga vipande viwili. Mtu na binamu yake wakalala jioni moja na kuamka asubuhi wakiwa raia wa tawala mbili, mmoja upande wa Tunduma, mwingine upande wa Nakonde.

Vita vya 1914 vilipoanza, mstari huo uligeuka uwanja wa mapigano. Tarehe 9 Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipigana Karonga, kusini ya mto Songwe. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini yakaingia nchi ya Wajerumani. Mwishoni mwa vita, mwaka 1918, von Lettow-Vorbeck naye akarudi kutoka Msumbiji, akapitia nyanda zetu za juu, na mwanzoni mwa Novemba akajaribu kuishambulia boma ya Waingereza ya Fife, hatua chache tu kutoka Tunduma. Akaendelea kusini hadi mto Chambeshi. Huko, tarehe 13 Novemba, ndiko alikopata habari kwamba vita vimekwisha Ulaya. Alizipataje? Kwa karatasi! Alikamatwa tarishi wa Kiingereza wa pikipiki akiwa na ujumbe. Baada ya miaka minne ya mizinga, mbio na njaa, vita vya nchi hii vilikomeshwa na kipande cha barua kilichokuwa kinapelekwa kwa mtu mwingine.

Waliobeba barua wasiandike

Swali linalofuata ni hili: katika vita hivyo vya kwanza, watu wetu waliandika nini nyumbani? Jibu ni kwamba walio wengi hawakuandika kitu.

Tuanze na askari wa Wajerumani. Wengi wao walisafiri na wake zao na watoto wao. Msafara wa von Lettow-Vorbeck uliposalimu amri Abercorn (leo Mbala) tarehe 25 Novemba 1918, ulikuwa na askari zaidi ya 1,100, na pamoja nao wanawake mamia kwa mamia. Askari wa namna hiyo hana haja ya kuandika barua nyumbani, kwa sababu nyumba yake inatembea nyuma yake ikiwa na sufuria kichwani.

Halafu kuna wapagazi. Upande wa Nyasaland na Rhodesia waliitwa tengatenga. Upande wetu jina lao limebaki katika mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, ambao ulipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Inakadiriwa kuwa Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na waliokufa walizidi 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Hawa ndio waliobeba kila kitu: risasi, mchele, mahema, na mifuko ya barua za maofisa. Tarishi wa miguu alichomeka barua ya bwana kwenye ufito uliopasuliwa ncha, akaishika juu kama bendera, akakimbia nayo siku nzima. Yeye mwenyewe hakuwa na wa kumwandikia, wala hakujua kuandika. Na lau angejua, ni posta gani ingempelekea barua mkewe kijijini?

Msidhani kwamba elimu haikuwapo kabisa. Wamoravian walifungua misheni Mbozi mwaka 1899, na mmisionari wao Traugott Bachmann alijifunza Kinyiha na kukiandika. Ng'ambo ya mpaka, Mwenzo, Waskoti wa Livingstonia walikuwa na shule zao. Kwa hiyo walikuwapo vijana wachache waliojua kalamu. Lakini vita viliwanyang'anya hata hicho kidogo: mwaka 1916 Waingereza walipoingia, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na shule nyingi zikayumba.

Ipo barua moja ya wakati huo ambayo inafaa kutajwa, ingawa haikwenda kwa familia. Ni ile ya John Chilembwe wa Nyasaland, iliyotolewa gazetini Novemba 1914, wiki chache baada ya Karonga. Chilembwe aliuliza wazi kwa nini Mwafrika amwage damu katika ugomvi usiokuwa wake, na ni nini watakachopata wajane na yatima. Toleo hilo la gazeti likaondolewa na wakaguzi wa serikali, na Januari 1915 Chilembwe akaasi, kisha akauawa. Barua yake inatuonyesha yale ambayo hayakuruhusiwa kusemwa. Yeyote aliyeandika baada yake, awe askari au raia, aliandika akiujua ukuta huo ulipo.

Safari ya barua ya Keya

Vita vya pili vilikuja na hali tofauti. Watanganyika wapatao 87,000 waliingia jeshini, wengi wao katika King's African Rifles, ambayo kwa mitaani iliitwa Keya. Walikwenda Uhabeshi, Madagaska mwaka 1942, kisha Ceylon (leo Sri Lanka), na mwaka 1944 Burma, ambako wenyewe walikuita Bama. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, bonde lenye sifa mbaya kwa malaria na homa ya utitiri, na mapema Desemba 1944 ikaingia Kalewa kwenye mto Chindwin. Ndani ya divisheni hiyo mlikuwa na vikosi vya Tanganyika, cha 26 na cha 36, na pia kikosi cha kwanza cha Rhodesia ya Kaskazini. Yaani lile kabila lililokatwa na kalamu mwaka 1890 liliweza kukutana tena, Mnyamwanga wa Tunduma na Mnyamwanga wa Nakonde, chini ya mvua ya Asia, kila mmoja na namba yake ya jeshi.

Watu hao waliandika nyumbani. Tabia ya kuandika ilikuwa imekwisha kujengeka kabla ya vita, kwani vijana wa mpakani walikuwa wakienda migodi ya shaba ya Rhodesia na machimbo ya dhahabu ya Lupa, na huko walijifunza kutuma barua na fedha. Jeshini nako kulikuwa na walimu wa kikosi cha elimu waliowafundisha askari kusoma na kuandika Kiswahili. Askari aliyeondoka Mbozi hajui "a" aliweza kurudi akiwa na mwandiko wake.

Sasa hebu tuifuate barua moja ya mfano kutoka Burma hadi kijiji kimojawapo cha Mbozi. Kwanza, kama askari hajui kuandika, anamwendea mwenzake anayejua. Anamwambia maneno kwa Kiswahili, au kwa lugha ya kwao ikiwa wanatoka sehemu moja, naye mwandishi anayapanga kadiri ya mtindo anaoujua. Huo ni mkono wa kwanza. Pili, ofisa anaisoma barua ili asipite nayo siri: jina la mahali haliruhusiwi, idadi ya watu hairuhusiwi, wala mahali wanakokwenda. Baada ya ofisa kuna wakaguzi wa jeshi, ambao wanasoma na kuandika taarifa kwa wakubwa juu ya mambo wanayolalamikia askari. Huo ni mkono wa pili. Kisha barua inasafiri kwa meli, kwa treni na kwa gari hadi Mbeya, na kutoka huko inafika kwa miguu, kupitia boma, jumbe au misheni, baada ya wiki nyingi, pengine miezi. Inapofika, mama wa askari hajui kusoma, tena Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi dukani. Anaitwa mwalimu wa shule ya misheni au katekista, anaisoma kwa sauti mbele ya watu na kuifasiri kwa Kinyiha papo hapo. Huo ni mkono wa tatu.

Ndugu msomaji, barua hii ni ya nani? Nadharia za fasihi tulizozoea zinatuambia kuna mtunzi, kazi na hadhira. Hapa mtunzi ana mwandishi, kazi ina mkaguzi, na hadhira ina mkalimani. Haya ndiyo mazingira ambayo wataalamu wa fasihi simulizi wanayafahamu vizuri: utendaji, fanani na hadhira ya uso kwa uso. Barua ya askari iliandikwa ili isemwe. Kuihakiki kama maandishi ya faragha ya mtu na moyo wake ni kuipa kanzu isiyo yake.

Orodha ya walio hai

Tukubali kwamba ukizitazama barua za namna hii kwa haraka, zitakuchosha. Mwanzo: salamu nyingi sana. Halafu: mimi huku ni mzima, sijui ninyi huko. Halafu yanakuja majina: nisalimie baba, mama, baba mkubwa, shangazi, fulani na mkewe, fulani na watoto wote, na majirani kila mtu kwa jina lake. Kisha mistari miwili mitatu juu ya ng'ombe au fedha. Kisha wasalaam. Mhakiki wa fani na maudhui atasema: fani ni ya kukariri, maudhui ni finyu. Atafunga daftari aende zake.

Lakini tufikirie. Mkaguzi amekwisha kata kila kinachofanana na habari. Askari hawezi kusema yuko wapi, wala kwamba jana wamezika watu. Kitu gani kimebaki ambacho ni chake na ambacho mkaguzi hawezi kukikata kwa sababu hakioni? Kimebaki "mimi ni mzima" na majina. Mkaguzi anaona adabu ya Kiswahili, anacheka kidogo, anapitisha. Nyumbani wanaona kitu kingine.

Nitoe ushahidi wa masimulizi kutoka kwetu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana wakati kaka yake yuko Bama. Barua zenyewe hazipo tena. Zilizobaki ni jinsi alivyozieleza, naye hakuwahi kueleza vita. Alieleza majina. Aliweza kuyataja yote kwa mfuatano wake, nani alitangulia na nani alifuata, kama mtu anayesoma ubeti. Akasema siku moja ilikuja barua ikimsalimu baba yao mdogo, ambaye alikuwa amekufa msimu uliotangulia. Mwalimu aliyekuwa akisoma alifika kwenye jina hilo akanyamaza. Watu wote walijua kwa nini. Mama yao akasema, "Soma, Mwalimu. Amemsalimu." Mwalimu akasoma, na kilio kikaanza upya kana kwamba mtu amekufa siku ile.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia kama mwanafunzi wa fasihi. Familia ilikaa kutunga jibu, mwalimu akishika kalamu. Walikubaliana wasiandike neno "amefariki", kwa sababu mtu hapewi msiba akiwa peke yake ugenini, hana wa kumshika mkono. Wakaandika salamu: baba anakusalimu, mama anakusalimu, shangazi anakusalimu, kila mtu mahali pake kwa mfuatano uleule. Jina la baba mdogo halikuwapo. Barua ya pili ya kaka yake ilipofika, nayo ilikuwa na majina yote kama kawaida, ila jina lile limerukwa. Hakuuliza. Hakuna mstari hata mmoja uliotaja kifo, na kifo kilikuwa kimekwisha kupashwa, kupokelewa na kuliliwa pande zote mbili za bahari.

Hapo ndipo fani inapokuwa maudhui. Mfuatano wa majina ulikuwa umekazwa kiasi kwamba pengo moja lilisomeka kama sentensi nzima. Ndiyo maana mrudio ulihitajika: orodha isiyokuwa thabiti haiwezi kuonyesha pengo. Tunaposema salamu hizi ni "za kukariri" tunatamka sababu iliyozifanya zifae kazi.

Na mfuatano wenyewe una siasa yake ya nyumbani. Nani anatajwa kwanza, mke au mama? Je, mke ametajwa kwa jina, au amefichwa ndani ya "na wote wa nyumbani"? Wanahistoria waliozipitia taarifa za wakaguzi wa jeshi wameonyesha kwamba mambo yaliyowasumbua askari sana yalikuwa ya nyumbani: ukimya wa barua, uaminifu wa wake zao, mifugo, na fedha. Sehemu ya mshahara wa askari ilikatwa na kulipwa kwa familia kupitia boma, na daima kulikuwa na wasiwasi kama imefika, na imefika mikononi mwa nani. Mtu mwenye mashaka juu ya mkewe hawezi kuyasema katika barua itakayosomwa na mwalimu mbele ya wakwe. Ataliondoa jina lake mahali pake pa juu na kulipeleka chini, karibu na majirani. Wote walioketi pale watasikia. Ukatili huo mdogo nao ni sehemu ya utanzu huu, tusiufanye wa kimalaika.

Utenzi, gazeti na barua

Kuna watakaouliza kama hatuna maandishi mengine ya Kiswahili juu ya vita vile. Tunayo. Shaaban Robert aliandika Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi kubwa yenye beti zipatazo 3,000 iliyochapishwa mwaka 1967, baada ya kufa kwake. Yalikuwapo pia magazeti: Mambo Leo, na yale ya jeshi kama Askari na Heshima. Kila kimoja kina nafasi yake. Utenzi unakupa vita kama ramani: mataifa, viongozi, majeshi yanayosonga na kurudi nyuma. Gazeti la jeshi linakupa vita kama serikali ilivyotaka viitwe. Lakini hakuna ubeti wala taarifa inayoweza kukuambia kwamba kijana mmoja kwenye matope ya Kabaw alikuwa akimwaza shangazi yake, wa nne katika mfuatano.

Hapa najua nitapingwa na wenzangu wa mrengo wa kiyakinifu. Watasema barua iliyopita kwa mkaguzi ni chombo cha mkoloni, imejaa kasumba, na "mimi ni mzima" ni uwongo uliomsaidia Mwingereza kuajiri vijana wengine. Hoja hiyo ina uzito, siibezi. Ni kweli pia kwamba barua ya raha ilimfaa mwajiri kuliko bango lolote. Hata hivyo, tusisahau kwamba yule aliyeandika alijua nani anasoma. Kusema "mimi ni mzima" ukiwa umekonda kwa malaria ni uamuzi wa mtu mzima kuhusu mzigo gani ampelekee mama yake. Tukiuita huo kasumba tu, tunamnyang'anya hata uamuzi wa mwisho aliobakiwa nao.

Tena "mimi ni mzima" ilikuwa habari kwa maana halisi kabisa. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, ikitoka Mombasa kwenda Colombo na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, ilipigwa na manowari ya Kijapani ikazama kwa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297. Kwa familia za waliokuwamo, kilichoanza mwezi ule ni ukimya, na taarifa ya serikali haikuwa na haraka kama maji yale. Basi mwezi ambao barua ilifika ikisema "mimi ni mzima", maneno hayo matatu yalikuwa na uzito kuliko ukurasa mzima wa gazeti, hata kama ni ya miezi miwili iliyopita.

Kutoka mikono mitatu hadi mmoja

Mtindo huu haukudumu vilevile. Vita vya Kagera (1978–1979) vilipokuja, askari wa JWTZ na wanamgambo waliokwenda mstari wa mbele walitoka katika nchi iliyopita kwenye kampeni ya elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67, na kufikia 1977 walikuwa wameshuka hadi 27. Maana yake ni kwamba mke wa askari aliweza kupokea bahasha, akaingia ndani, akafunga mlango, akasoma peke yake. Barua ikawa na siri. Mapenzi yakaweza kuandikwa, na ugomvi pia. Mwalimu akapoteza kazi yake ya jioni.

Hayo ni maendeleo, nani atabisha? Lakini kwa upande wa utanzu, kitu kilibadilika. Orodha ilipunguka, kwa sababu hadhira iliyokuwa ikisubiri kusikia majina yake haikukaa tena uani. Mtu mmoja anaposoma, mtu mmoja anatosha kusalimiwa. Nadhani ndiyo sababu kizazi chetu kinaziona salamu kuwa upuuzi: tumerithi umbo lake, hatukurithi kikao chake.

Hitimisho: majina ni ya nani?

Suala hili si la darasani tu. Pale Dar es Salaam katikati ya mji limesimama sanamu la askari, lililozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanaahidi kwamba anayekufa kwa ajili ya nchi, watoto watalikumbuka jina lake. Zunguka sanamu hilo pande zote: jina la askari hata mmoja halipo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, pengine hawakukumbukwa kabisa. Wa vita vya pili walitendewa afadhali kidogo. Kwenye mnara wa Rangoon, nje ya jiji la Yangon, askari wa Afrika Mashariki wameandikwa miongoni mwa majina karibu 27,000.

Barua za maofisa wa Kizungu zinatunzwa katika makumbusho na nyaraka za Uingereza, kwenye makasha, zina namba. Za askari wetu zinafahamika huko zaidi kupitia taarifa za wakaguzi, kwa Kiingereza, bila salamu. Mkaguzi naye alikuwa ameambiwa maksi ziko kwenye kiini! Kwa hiyo kitu ambacho familia za Mbozi, Ileje na Tunduma zilikishika kama mboni ya jicho ndicho kilichotupwa cha kwanza.

Pendekezo langu kwa wanafunzi wenzangu, na kwa walimu wetu wanaosimamia tasnifu, ni dogo na linatekelezeka. Likizo ijayo, anayetoka mpakani, au mkoa wowote uliopeleka vijana Keya au Kagera, aulize nyumbani kuhusu masanduku ya bati. Zipo karatasi zinazoliwa na mchwa wakati sisi tunahariri nadharia. Zikipatikana, zinakiliwe kama zilivyo, kwa tahajia yao na kwa ruhusa ya wenyewe, na majina ya watu yalindwe pale familia inapotaka. Zisipopatikana, aulizwe mzee aliyekuwapo zilipokuwa zinasomwa: ni nani alitajwa kwanza, ni nani alifuata, na ni lini jina fulani liliacha kutajwa. Na anayenakili asije akafupisha salamu kwa nukta tatu ili afike upesi kwenye kiini.